Kijiji cha Makumbusho na watoto: nyumba nne zinatosha

Mzazi wa Dar es Salaam anayetaka makumbusho ambayo mtoto ataingia, atainama, atashika na kunusa, badala ya kusimama nyuma ya kioo, aanzie Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Hakikujengwa kwa ajili ya watoto. Kilianzishwa mwaka 1966 ili kuhifadhi ujenzi wa jadi wa makabila ya Tanzania, na kiko chini ya Makumbusho ya Taifa. Ila hapa maonyesho ni nyumba zenyewe, na nyumba ina mlango. Mtoto akishapita mlangoni kazi imeanza, hata kama hajasoma bango hata moja.

Kwa watoto wa miaka 5 hadi 12 tunapapendekeza bila kusita, kwa sharti moja: msizunguke nyumba zote. Hapo ndipo ziara nyingi za familia zinapoharibikia. Kiingilio kimelipwa, nyumba ni nyingi, basi kila mtu anataka zimalizike. Mkifika ya tano mtoto haoni tena tofauti, anaona nyasi na udongo tu, jua limeshapanda, na kinachofuata ni kuulizwa soda iko wapi. Chagueni nyumba nne zisizofanana kwa umbo, vifaa wala hali ya hewa ya zilikotoka: msonge wa Wahaya, tembe ya Wagogo, nyumba ya Wamasai na nyumba ya Wazaramo. Kila moja ipewe dakika 20 hadi 25. Jumla yake ni kama saa moja na nusu, na kwa mtoto wa darasa la pili huo ndio mwisho wa umakini.

Anzeni na msonge wa Wahaya, kwa kuwa ndio unaoshangaza zaidi. Kwa nje hauna ukuta. Nyasi zimeshuka kutoka kileleni hadi chini, paa na ukuta ni kitu kimoja. Kabla ya kuingia, mwambie mtoto auzunguke akitafuta paa linaishia wapi. Halafu ingieni, msimame kimya kama dakika mbili. Macho yaliyotoka kwenye jua la Dar hayaoni kitu mwanzoni, na watoto wadogo huogopa giza hilo. Mshike mkono, usiwashe tochi haraka. Polepole vinaanza kujitokeza nguzo, fito zilizopangwa kwa duara, na kuta za ndani zinazogawa sehemu ya watu na sehemu ya mifugo. Hapo sasa washeni tochi mmulike juu, mwangalie fito zilivyofungwa kwa kamba za miti bila msumari hata mmoja. Swali la kumwachia mtoto ni hili: kwa nini nyumba hii haina dirisha wala bomba la moshi? Moshi wa jikoni hupenya taratibu kwenye nyasi, na ukipenya unazikausha na kuwafukuza wadudu wanaokula nyasi na miti. Nyumba isiyowashwa moto huoza mapema. Mteremko mkali wa paa nao una sababu: Bukoba, kwao Wahaya, ni nchi ya mvua nyingi, na maji yanatakiwa yateleze kabla hayajazama ndani.

Kutoka hapo nendeni moja kwa moja kwenye tembe ya Wagogo, msipitie kwingine, ili mtoto aone kinyume chake wakati msonge bado uko kichwani. Tembe ni ndefu, ya pembe nne, fupi kwa kimo, na paa lake ni bapa: magogo, juu yake matawi, juu yake udongo. Imepangwa kuzunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Dodoma, kwao Wagogo, hupata chini ya milimita 600 za mvua kwa mwaka, nyasi ndefu za kuezekea ni shida kupatikana, na upepo ni mkali. Paa la udongo linatosha kabisa huko. Lilete Dar es Salaam, ambako mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka, na udongo huo huo utalowa, utakuwa mzito na kuvuja. Hili ni somo ambalo hakuna kitabu cha darasani kitakachomfundisha mtoto vizuri hivi: nyumba nzuri ni ile inayojua mvua ya kwao. Ndiyo maana pia nyumba za jadi za nyasi na udongo zinahitaji kukarabatiwa mara kwa mara katika hali ya hewa ya pwani. Mkikuta fundi anakandika au anaezeka, acheni ratiba yenu msimame hapo. Kumwona mtu akifunga fito kuna faida kuliko nyumba tatu zilizokamilika.

Nyumba ya Wamasai ipimwe kwa mwili. Mtu mzima anainama mlangoni. Mtoto wa miaka sita anaingia amenyooka, na furaha yake huonekana usoni. Njia ya kuingilia inapinda kabla ya kufika ndani, kwa hiyo upepo na mwanga haviingii moja kwa moja. Hapa toeni futi kamba. Mtoto apime kimo cha mlango, kimo cha ndani, kisha kimo chake mwenyewe, aandike namba tatu. Ukuta ni fito zilizosiribwa kwa mchanganyiko wa udongo na samadi ya ng'ombe, na wajenzi ni wanawake. Mwambieni binti yenu hilo kwa sauti. Watoto wakisikia samadi watacheka na kukunja pua. Waacheni wacheke, kisha wanuse: samadi ikishakauka hainuki. Nyuzi za majani zilizomo ndani yake hushikilia udongo usipasuke.

Ya mwisho ni ya Wazaramo, wenyeji wa eneo hili, na mtoto wa Dar anaweza kuwa na bibi Kisarawe mwenye nyumba kama hiyo. Msiipite kwa kuwa mmeizoea. Huku ndiko kwa kumfundisha makuti. Kuna makuti ya kumba, yaliyosukwa, ya kuzungushia ua, na kuna yale ya kuezekea, ambayo majani hukunjwa juu ya kijiti na kushonwa moja baada ya jingine. Akiyajua mawili haya atayaona njia nzima ya kwenda Bagamoyo.

Ndani ya nyumba mtakuta vyombo vya jikoni na vya kazi. Kuta na sakafu mtoto aguse tu kwa upole, lakini kabla ya kushika chombo chochote ombeni ruhusa kwa mwongoza wageni. Mchukueni mwongozaji. Bila yeye nyumba hizi ni bubu. Ila mwambieni mapema, kabla hajaanza: "Kaka, tunaomba uongee na watoto, sisi tutasikiliza." Usipomwambia hivyo atawahutubia watu wazima kuhusu makabila, na watoto watabaki wanachora chini kwa vijiti. Mwombeni awaonyeshe kitu kinachofanywa kwa mikono, kama kinu na mchi, ungo, jiwe la kusagia au mbuzi ya kukunia nazi. Kupepeta kwa ungo kunaonekana rahisi hadi mtoto ajaribu. Kosa la kila anayeanza ni kurusha juu sana kwa mikono yote. Kinachotakiwa ni kifundo cha mkono kutikisa ukingo wa mbali, ili makapi yatangulie mbele na nafaka irudi kwa mpepetaji.

Ulizeni getini kama siku hiyo kuna ngoma, na saa ngapi, kabla ya kuanza kuzunguka. Kama ipo, ziara yote ipangwe kurudi nyuma kutoka saa hiyo. Ngoma ya mchana ikikaribia jioni ndiyo nzuri, maana jua limepungua na watoto huitwa kucheza. Wekeni noti ndogondogo mfukoni za kuwatuza wacheza ngoma. Wapiga ngoma wakiwa wamepumzika, mwombeni mmoja amruhusu mtoto aweke kiganja juu ya ngozi huku yeye akipiga pembeni. Mtetemo unapanda mpaka kiwikoni. Mkiona ngoma zimeanikwa juani au zimesogezwa karibu na moto, mwelezeni sababu: unyevu wa pwani hulegeza ngozi, sauti ikawa ya kuzubaa, na joto huikausha ikakaza tena. Kijiji pia huwa na siku za utamaduni ambapo jamii moja hualikwa kuonyesha chakula, mavazi, ngoma na desturi zake. Hiyo ikitangazwa, nendeni siku hiyo hata kama mlishakwenda majuzi, ila fikeni mapema, watu huwa wengi.

Kuhusu mahitaji: viatu vya kufunika vidole, kwa sababu njia ni za mchanga na mizizi, na siafu hawachagui mgeni. Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani, magurudumu yatazama. Mbeleko ni bora. Maji yawe lita moja kwa kila mtu. Mwenye pumu aje na dawa yake, maana ndani kuna vumbi na nyasi kuukuu. Bustani ina miti na vivuli, na penye vivuli pana mbu wanaouma mchana, wakiwamo wale wa dengi, kwa hiyo suruali ndefu na dawa ya kupaka kabla ya kushuka kwenye gari. Kitambulisho cha taifa pia, kwa kuwa raia na wageni hawalipi sawa. Usafiri si tatizo: daladala yoyote iliyoandikwa Makumbusho itawashusha stendi, na kutoka hapo ni mwendo wa miguu. Asubuhi za siku za shule kunaweza kuwa na misafara ya wanafunzi, na ndani ya msonge wenye watoto arobaini hakuna wa kuona kitu. Jumamosi saa tatu asubuhi, au alasiri kama kuna ngoma. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mizuri zaidi. Masika, Machi hadi Mei, njia hujaa maji.

Kazi ya nyumbani baada ya ziara inafaa kuliko picha mia kwenye simu, na haihitaji fedha. Jengeni tembe ndogo juu ya kipande cha ubao. Kwanza pimeni udongo. Ulowesheni, uviringeni uwe kama kamba ya unene wa kidole gumba, kisha usukumeni taratibu uning'inie nje ya ukingo wa meza. Ukikatika kabla ya sentimita 5, una mchanga mwingi mno na ukuta utamomonyoka. Ukivuka sentimita 15 bila kukatika, ni mfinyanzi mwingi na ukuta utapasuka ukikauka. Katikati ya hapo ndiyo penyewe. Udongo wa sehemu nyingi za Dar ni wa kichanga, kwa hiyo tegemeeni kuongeza mfinyanzi. Changanyeni makopo manne ya udongo na kopo moja la nyasi kavu zilizokatwa urefu wa kidole, ongezeni maji kidogo kidogo mpaka ushikane bila kunata mikononi. Simamisheni vijiti, fungeni fito za njiti za ufagio wa chelewa, kandikeni pande zote mbili, kisha wekeni paa bapa la vijiti na udongo. Kausheni kivulini siku tatu. Watoto wataomba uanikwe juani uwahi. Mkikubali, uso wa nje utakauka kabla ya ndani na nyufa zitatokea usiku huo huo. Kisha mwagieni maji paa kwa kopo lenye matundu, wahesabu dakika hadi livuje.

Wakishakipenda Kijiji, ziara ya pili iwe Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni, Mtaa wa Shaaban Robert, mjini. Huko mambo ni ya vioo, mikono inapumzika, kwa hiyo inafaa zaidi kuanzia miaka minane. Habari kubwa ni za chimbuko la binadamu: fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambalo mtafiti Mary Leakey aliligundua Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lina umri wa takriban miaka milioni 1.75. Lakini kwa mtoto, nyayo za Laetoli, alama za miguu ya viumbe wa kale waliotembea wima, zinashinda fuvu. Zina takriban miaka milioni 3.6, na zile ndogo zina urefu wa sentimita 18 hivi, karibu sawa na mguu wa mtoto wa miaka sita. Kabla ya kuondoka nyumbani kila mtu achore unyayo wake kwenye karatasi na kuukata, waende nao waulinganishe. Magari ya zamani ya viongozi yaliyopo hapo yatawavuta wavulana mpaka mchoke kuwaita.

Msiunganishe Kijiji na Makumbusho ya Taifa siku moja. Kwenye ramani zinaonekana karibu, lakini foleni ya kuingia mjini inaweza kula saa nzima, na watoto waliokwisha kuchezea udongo wataingia kwenye vioo wakiwa wamechoka. Acheni angalau wiki moja katikati, tembe ya nyumbani ikijengwa na kukauka. Siku ya mjini bebeni chakula, na mkitoka vukeni upande wa Bustani ya Mimea mkale chini ya miti.