Nyasi za nyumbani zimepauka: ununue mbolea ipi? Mpangilio kwa wakazi wa Dar na ukanda wa Pwani

Ingia duka lolote la pembejeo useme ukoka wako umepauka, muuzaji atanyoosha mkono kwenye mfuko wa urea, mbolea yenye nitrojeni nyingi. "Bosi, hii ndiyo kiboko, wiki haiishi utarudi kunishukuru." Hadanganyi. Ila hasemi kwamba kwenye mchanga wa Kigamboni au Mbweni, mvua moja kubwa ya masika huishusha nitrojeni hiyo chini ya mizizi, na baada ya muda nyasi zinarudi zilivyokuwa. Ndiyo maana mpangilio wangu hauanzi na mfuko wa dukani.

Ya kwanza: samadi au mboji iliyoiva. Mchanga haushiki maji wala chakula. Mboji hushika vyote viwili. Kabla ya kulipa, fungua kiroba uingize mkono hadi kwenye kiwiko. Ukisikia joto, bado inaoza. Ikinuka mkojo, achana nayo. Iliyoiva ni nyeusi, inavunjikavunjika, hutambui tena majani aliyokula ng'ombe, na inanuka udongo uliolowa. Mbichi itakuletea mbegu za magugu za zizi zima. Ichekeche kwa chekeche la mchanga, itawanye unene wa nusu sentimita, kisha isukume kwa fagio la chelewa mpaka ncha za nyasi zionekane. Kwa mita 100 za mraba unahitaji nusu mita ya ujazo, yaani viroba sita hadi vinane vilivyojaa. Muuzaji akikwambia viwili vinatosha, anataka kumaliza biashara aende zake.

Ya pili: SA, yaani salfeti ya amonia. Ina nitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24, chembe zake ni kama sukari. Ardhi yetu yenye matumbawe ina chokaa nyingi, na SA huivuta kidogo kuelekea uchachu, jambo ambalo nyasi hulipenda. Kipimo cha kawaida cha nyasi ni nusu kilo ya nitrojeni halisi kwa mita 100 za mraba, kwa hiyo SA ni kilo 2.4. Kwenye mchanga igawe mara mbili, wiki tatu zipite katikati. Mwaga nyasi zikiwa kavu, halafu mwagilia papo hapo.

Ya tatu: CAN, yaani kalisiamu amonia nitrati, nitrojeni asilimia 26, karibu kilo mbili kwa eneo hilohilo. Hufanya kazi haraka, ila kalisiamu unayoilipia humo tayari unayo ardhini. Mwenye udongo mwekundu wenye uchachu kule Arusha au Moshi aipandishe juu ya SA.

Ya nne: urea. Kwa hesabu ya nitrojeni, hakuna ya kuishinda: mfuko wa kilo 50 una kilo 23, wakati CAN ina 13 na SA 10.5. Shida ni kwamba mita 100 za mraba zinataka kilo 1.1 tu, na mkono wa mtunza bustani haujazoea kutawanya kidogo namna hiyo. Matokeo ni mabaka yaliyoungua. Isipomwagiliwa, sehemu yake inageuka hewa na kupotea. Kama bomba lako halina mgao na una mizani, basi ichukue.

NPK 17-17-17, mbolea ya nitrojeni, fosforasi na potasiamu, inafaa nyasi zilizopandwa karibuni. Kwa zilizokwisha kushika, unalipia fosforasi usiyoihitaji. DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi, ni ya kupandia mahindi, mwachie mkulima.

Kuna njano ambayo mbolea hizi haziitibu. Tazama majani machanga ya juu: yakiwa ya manjano huku mishipa imebaki kijani, hapo kinachokosekana ni chuma, na kwenye matumbawe ni kawaida. Nunua salfeti ya chuma unyunyizie majani, kwa sababu ukiimwaga ardhini chokaa inaifunga. Iepushe na vigae vya baraza, inaacha doa la kutu ambalo halitoki. Na kama unamwagilia maji ya kisima yenye chumvi, okoa hela ya mbolea upande paspalum, inayoyastahimili kuliko nyasi nyingi.

Kwa magugu, ulizia dawa ya majani mapana, kama 2,4-D, na usome lebo mwenyewe. Ukisema "dawa ya kuua magugu" tu, unaweza kupewa glifoseti, nayo huua magugu na nyasi pamoja. Ndago haifi kwa 2,4-D. Ing'oe na vitunguu vyake vya chini, mapema, kabla haijasambaa.

Usinunue mfuko mzima wa kilo 50 kwa uwanja mdogo. SA hufyonza unyevu wa Pwani na kugeuka jiwe. Chukua ya kupima, ifunge kwenye ndoo yenye mfuniko.