Windy msimu wa vimbunga: programu nzuri, ukijua kuisoma

Tangu kimbunga Hidaya kitue Mafia tarehe 4 Mei 2024, na Ialy kikafuata mwezi uo huo, upepo ukichachamaa Mombasa watu huulizana kama kuna kingine njiani. Wengi hukimbilia Windy, programu ya simu inayoonyesha upepo ukitembea juu ya ramani. Ya bure yatosha kabisa.

Kwanza gusa kipimo cha upepo hadi kisome kt, yaani noti (noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa), ndicho wanachotumia mabaharia. Halafu usiishie kwenye upepo wa wastani. Fungua ramani ya dharuba, yaani mipigo ya ghafla ya upepo, kwa maana dharuba ndizo zinazong'oa bati lililolegea misumari na kupindua ngalawa. Upepo wa noti 18 waweza kuja na dharuba za 30. Kwenye mawimbi, soma urefu pamoja na sekunde kati ya wimbi na wimbi. Wimbi la mita 2 la sekunde 12 limezaliwa mbali, hufika hata upepo ukiwa umetulia, na mlangoni mwa mwamba huumuka na kupasuka vibaya sana.

Sasa penye makosa mengi. Windy huonyesha makadirio ya ECMWF (kituo cha utabiri cha Ulaya) na ya GFS (mfumo wa Marekani), nawe wachagua. Yakikubaliana kwamba kimbunga chaja katika siku 3 zijazo, vuta chombo juu na ukaze mabati. Moja likipeleka kimbunga Mafia na jingine Msumbiji, bado mapema. Tafadhali, msipige picha ya duara jekundu la siku ya 9 na kulisambaza WhatsApp! GFS hukokotolewa upya kila baada ya saa 6, na duara hilo kesho huenda lisiwepo. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na huku mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kukisokota kimbunga. Kinachotufikia mara nyingi ni mkia wake: mvua, upepo na bahari chafu.

Ramani ya upepo haikuambii habari ya bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Upepo wa kusukuma maji pwani ukiangukia siku za bamvua, bahari hupanda kuliko kawaida, kwa hiyo tazama pia jedwali la maji kujaa na kupwa la Mamlaka ya Bandari. Nje ya mwamba mtandao hupotea. Piga picha ya makadirio kabla ya kutweka. Na Idara ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, fuata hiyo, hata kama Windy inaonyesha shwari.