Manchester by the Sea kwenye DVD: msiba usio na turubai

Filamu nyingi za msiba zinazofika sebuleni kwetu zina mpango mmoja: mtu anafariki, ndugu wanalia, kisha mtoto mdogo au mchumba mpya anamrudisha mfiwa kwenye furaha kabla filamu haijaisha. Manchester by the Sea, iliyoandikwa na kuongozwa na Kenneth Lonergan, inakataa mpango huo tangu mwanzo hadi mwisho, na kukataa huko ndiko kulikotugawa sisi tulioitazama pamoja hapa Dodoma: mimi, mama yangu, na mdogo wangu wa kike anayesoma chuo kikuu. Ninaandika tathmini hii kuhusu filamu yenyewe na pia kuhusu DVD yake, kwa sababu namna tulivyoitazama ilichangia sana kile tulichokiona.

Hadithi si ngumu kuieleza. Lee Chandler, anayeigizwa na Casey Affleck, ni mtumishi wa nyumba za kupangisha huko Quincy, karibu na Boston. Anazibua vyoo, anatengeneza mabomba, anaondoa theluji mlangoni, na usiku anakaa baa akitafuta mtu wa kupigana naye. Siku moja anapigiwa simu kwamba kaka yake Joe, aliyekuwa na maradhi ya moyo kwa miaka kadhaa, amezidiwa, na anapofika hospitali anakuta ameshafariki. Wosia unamtaja Lee kuwa mlezi wa Patrick, mtoto wa marehemu mwenye umri wa miaka 16, jambo ambalo lingemlazimu kurudi kuishi katika mji wa pwani alioukimbia. Sababu ya kuukimbia inafichwa kwa muda mrefu, na kwa kuwa siwezi kuijadili filamu hii bila kuitaja, asiyetaka kuijua mapema aache kusoma hapa.

Filamu ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Sundance, Marekani, mwezi Januari 2016, ikaingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani mwezi Novemba mwaka huohuo, na Februari 2017 ikapata tuzo mbili za Oscar, ya mwigizaji bora wa kiume kwa Affleck na ya mswada bora wa asili kwa Lonergan. DVD ilitoka Marekani mwezi huohuo wa Februari, na nakala yangu ni ya toleo hilo, niliyoletewa na shemeji aliyekuja likizo. Mtu anayetaka kuagiziwa diski kutoka huko ajue mapema kwamba DVD hugawanywa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia: Marekani na Kanada ni kanda ya 1, ilhali Tanzania, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, iko kanda ya 5. Deki yetu ya zamani iliikataa diski papo hapo. Deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani hapa mjini husoma kanda zote, na tuliyoazima kwa jirani ilisoma bila usumbufu wowote. Anayetumia kompyuta awe mwangalifu zaidi, kwa maana kisomaji cha DVD cha kompyuta kwa kawaida huruhusu kubadilisha kanda mara 5 tu, kisha hubaki kwenye ile ya mwisho milele. Picha ni ya NTSC, mfumo wa picha wa diski za Marekani, badala ya PAL tuliyoizoea, lakini runinga bapa za siku hizi hupokea mifumo yote miwili.

Wapo watakaouliza kwa nini nihangaike na diski wakati kila mtaa una duka la kuingiza filamu kwenye flashi, na mwenye bando anaweza kuitazama kwa simu. Jibu langu ni mama. Filamu inarukaruka kati ya sasa na zamani bila kutoa taarifa yoyote, haiandiki mwaka wala haibadilishi rangi ya picha, kiasi kwamba Joe, ambaye tumeshamwona mochwari, anatokea tena akicheka kwenye boti yake. Mama aliuliza, “Huyu si amekwisha kufa?” nikasimamisha, nikaeleza, tukaendelea. Tulisimamisha hivyo mara nyingi, tukarudi nyuma, umeme ukakatika na kurudi, na diski ikatuvumilia. Kwenye simu kila mmoja angeitazama peke yake, na ninaamini mama angeiacha njiani.

Sehemu iliyomshika mama kuliko zote ni ile ambayo kwa watazamaji wa Marekani huenda ni jambo dogo la ratiba. Joe amefariki wakati wa baridi kali, ardhi ya makaburini imeganda, na inabidi mwili utunzwe kwenye jokofu mpaka barafu iyeyuke, miezi kadhaa baadaye. “Yaani watoto wanakwenda shule, watu wanapika wanakula, na marehemu yuko kwenye friji?” Mama aliuliza kwa hasira ya kweli, kana kwamba Lee angeweza kumsikia. Hapa Dodoma tunaijua ardhi ngumu. Mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, vijana wanaochimba kaburi huanza na sururu na kupokezana kila baada ya dakika chache, vumbi likiwajaa machoni, lakini sijawahi kusikia familia ikishauriwa isubiri mpaka Desemba udongo ulainike. Filamu inalitumia jambo hilo kwa akili kubwa, kwa sababu Patrick, ambaye hajalia tangu apewe habari, anaonekana kijana wa kawaida kabisa, ana wasichana wawili, ana bendi, ana mazoezi ya mpira wa magongo wa barafuni. Kisha usiku mmoja anafungua friji ya jikoni, vifurushi vya kuku walioganda vinamwangukia, anajaribu kuvirudisha, vinaanguka tena, na hapohapo pumzi zinaanza kumbana. Hakuna anayesema neno “baba” wakati ule, wala hakuna haja ya kulisema.

Nilipoitazama mara ya pili ndipo nilipotambua ni kitu gani kilikuwa kinanisumbua katika picha zile. Hakuna turubai uani, hakuna viti vya kukodi, hakuna daftari la rambirambi, hakuna kina mama waliohamishia masufuria nje wala wazee waliolala msibani wakiota moto. Watu wema wapo, ibada ipo, majirani wanasema maneno ya kufaa, lakini ikifika jioni kila mmoja anarudi kwake na Lee anabaki na kijana mmoja ndani ya nyumba ya marehemu. Hata suala la ulezi linaamuliwa hivyo. Katika ukoo wetu, baada ya kuanua matanga, wazee hukaa kikao, humteua msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao hicho ndio unaopelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Habari ya nani atakaa na watoto huzungumzwa palepale, na anayetajwa anaweza kusimama mbele ya shangazi na baba wakubwa akasema kwamba mzigo huo haumudu. Vikao hivyo vina visa vyake, sivipambi. Lakini Lee anasomewa wosia ofisini kwa mwanasheria, peke yake, na ni ndani ya ofisi ile, huku mwanasheria akiendelea kuzungumza, ndipo kumbukumbu ya moto inapomrudia.

Usiku wa moto Lee alikuwa amelewa. Aliwasha meko ya sebuleni ili watoto wasipate baridi, akatoka kwa miguu kwenda dukani, njiani akajiuliza kama aliweka kizuizi mbele ya moto, akaendelea na safari. Aliporudi nyumba ilikuwa inawaka. Mke wake, Randi, aliokolewa, na watoto wao watatu wakafia ndani. Lonergan anaionesha asubuhi yake kwa mbali, wahudumu wa gari la wagonjwa wakihangaika kumpakia Randi kwenye gari huku miguu ya machela ikikataa kukunjika, kosa dogo la kipuuzi la chuma ambalo limenikaa akilini kuliko moshi wote. Polisi wanamhoji Lee na kumwambia kwamba hakutenda jinai, anaweza kwenda nyumbani, naye hawezi kuelewa kwamba anaachiwa. Kinachofuata kituoni pale sitakieleza, ila mwenye mzazi dhaifu wa moyo akae karibu na rimoti.

Hapa ndipo nilipo na lalamiko langu kubwa. Sehemu hiyo yote imefunikwa na ile Adagio maarufu, muziki wa ala wa mwendo wa polepole unaohusishwa na mtunzi Albinoni, inapigwa kwa sauti kubwa na kwa muda mrefu, kama mtu aliyeleta spika msibani bila kuombwa. Ningependa kusikia maji ya zimamoto na ukimya wa majirani. Mdogo wangu anapinga kabisa. Anasema bila muziki ule yeye asingeweza kuendelea kutazama, na kwamba muongozaji alitufanyia huruma. Hatujakubaliana mpaka leo.

Kuhusu uigizaji, Affleck anastahili sifa alizopewa, hasa kwa sababu ya mikono yake. Anapohama chumba chake huko Quincy anazifunga kwa uangalifu fremu tatu za picha, na kamera haituoneshi hata mara moja picha zilizomo. Michelle Williams, anayeigiza Randi, anaonekana kwa dakika chache tu, lakini yale mazungumzo yao barabarani, yeye akiwa na mtoto mchanga wa ndoa mpya kwenye kigari, akimwomba Lee msamaha kwa maneno aliyomtamkia baada ya msiba, ndiyo kilele cha filamu nzima. Kila mmoja anaanza sentensi na kuikatiza. Niliacha kutafsiri, na mama hakuuliza kitu.

Mwisho wa filamu haukumridhisha mama hata kidogo. Lee anamwambia Patrick kwamba hawezi kulishinda jambo lile, anapanga kijana aasiliwe na rafiki wa familia, yeye anarudi kufanya kazi Boston akitafuta nyumba yenye nafasi ya Patrick kulala akimtembelea. “Baba mdogo gani anamwacha mtoto wa kaka yake kwa watu baki?” Ndilo lilikuwa swali lake, na kwa mila zetu ni swali la haki. Mimi ninaona filamu imesema kweli. Nimewaona wanaume waliofiwa wakiambiwa wajikaze tangu siku ya mazishi, wakajikaza, na miaka kumi baadaye bado wamejikaza. Na ukithubutu kushauri kwamba mmoja wao akamwone mtaalamu, mtu hudakia kwa utani kwamba unataka kumpeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili hapa Dodoma, na mazungumzo huishia hapo. Lee angalau anasema kwa kinywa chake kwamba hawezi, na anamtafutia kijana nyumba ambayo inaweza.

Kuna mambo ya kumwonya mtazamaji. Marekani filamu hii iliwekwa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 aitazame akiwa na mzazi au mlezi, na matusi yamo karibu kila dakika, hata katika utani wa watu wanaopendana. Juhudi za Patrick na msichana wake wa pili nazo zilinifanya nikumbuke ghafla kwamba chai imekwisha na mama anahitaji kuongezewa. Utani upo mwingi kuliko nilivyotarajia, kwa mfano pale Lee na Patrick wanapozunguka kwenye baridi wakigombana kuhusu mahali walipoegesha gari. Muda ni dakika 137, na asiyezoea filamu za mwendo wa polepole ataiona ndefu.

Kwa upande wa diski, picha ni nzuri kwa kiwango cha DVD: bahari na theluji vinaonekana vizuri, ingawa kwenye runinga kubwa nyuso za mbali hupoteza makali, na mwenye deki ya Blu-ray atafute toleo hilo. Sauti inahitaji msaada. Affleck anamumunya maneno kwa makusudi, spika za runinga zikayameza, ikabidi tuwashe manukuu ya Kiingereza. Nyongeza zimo za kutosha: matukio yaliyokatwa, kipindi kifupi kuhusu utengenezaji wa filamu, na maelezo ya Lonergan mwenyewe yanayokwenda sambamba na filamu mwanzo hadi mwisho, ambayo ni sababu nyingine ya mimi kushukuru kuwa na diski halisi badala ya faili la kwenye flashi.

Manukuu ya Kiswahili hayamo, na ule mtindo wa vibanda vya video wa mtu mmoja kutafsiri juu ya sauti za waigizaji ungeiua filamu hii, kwa sababu yaliyo muhimu yanatokea pale watu wanaponyamaza. Mdogo wangu ameanza kuandika manukuu yake kwenye daftari kwa ajili ya mama na wenzake wawili wa jumuiya, na amekwama kwenye matusi ya Patrick, ambayo mama ameagiza yaandikwe kwa adabu.