Mashine ya kupimia magari ya Ulaya: niliyonunua kwa ajili ya gereji yangu Mtwara

Ukitaka kufungua gereji ya BMW, Benzi, Volkswagen na Audi huku Kusini, swali la "mashine hii inasoma magari mangapi?" liache. Muuzaji wa Kariakoo atakujibu "yote, kaka," na hatakuwa amekudanganya sana, maana kusoma kodi za injini, zile namba za hitilafu, ni kazi ndogo. Muulize kama inaweza kuliamrisha gari. Bei zinaachana hapo, na hapo ndipo nilipoamua nitumie hela wapi na nibane wapi.

Lile tundu la pini 16 chini ya usukani, unapochomeka mashine, lililetwa na sheria za moshi: Marekani kwa magari ya kuanzia 1996, Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Sheria ilitaka mambo ya injini na moshi yasomeke na fundi yeyote, basi. ABS, eabegi, giaboksi, breki ya mkono ya umeme, kila kiwanda kikabaki na lugha yake. Ndiyo maana kile kidude cha ELM327 cha Bluetooth, cha kuchomeka hapo na kusomea kwenye simu, kitakusomea kodi ya injini ya Volkswagen Tiguan vizuri kabisa, halafu taa ya ABS ikiwaka kinakaa kimya. Sikidharau. Kimo mfukoni mwa ovaroli mpaka leo, nakwenda nacho Mikindani au Shangani mtu akiniita nimtazamie gari kabla hajalilipia. Ila gereji haiendeshwi na kile.

Nilichonunua ni tableti ya Kichina ya daraja la kati, inayosoma mifumo yote ya magari ya makampuni mengi na kutuma amri. Chapa siitaji kwa makusudi: chapa moja huwa na matoleo mengi yanayofanana sura, moja linasoma tu na lingine linaamrisha, na mtu akishika jina peke yake anauziwa lile la chini. Kabla ya kulipa nilidai ijaribiwe kwenye gari la shemeji yangu lililoegeshwa nje ya duka. Washa feni ya rejeta. Fungua kalipa za nyuma. Zima noseli moja moja nisikie injini inavyobadilika. Duka la kwanza wakanionyesha video ya kwenye simu. Nikashukuru, nikaondoka.

Sasa kazi yenyewe. Ukurasa ninaoukalia muda mrefu kuliko wote ni wa data zinazotembea, yaani namba za sensa zinavyobadilika injini ikiwaka. Mzee mmoja wa Tandahimba, mfanyabiashara wa korosho, alileta Tiguan ya 2.0 TSI, taa ya injini inawaka, kodi P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Kabla hajanifikia alishabadilishiwa sensa ya oksijeni, na kila taa ikirudi anafutiwa kodi na kulipa tena. Nikafungua masahihisho ya mafuta. Gari likiwa silensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa, kompyuta ilikuwa inaongeza mafuta kwa zaidi ya asilimia 20. Nikamwambia dogo akanyage mpaka mizunguko 2,500, namba ikashuka taratibu hadi karibu na sifuri.

Hiyo ni hewa ya wizi, inayoingia bila kupita kwenye sensa. Silensa injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo upenyo mdogo tu unaharibu hesabu yote. Ukipiga resi hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi inamezwa. Ingekuwa pampu ya mafuta imechoka, namba ingezidi kupanda kadiri unavyokanyaga. Nikajaribu kufungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, kikagoma kwa kufyonzwa, na kilipoachia injini ikabadilika sauti. Vali ya PCV, ile ya kuipumulia injini, mpira wake wa ndani umepasuka. Ni ugonjwa unaojulikana wa injini hizo.

"Sasa kijana wangu, ile sensa niliyonunua?"

"Iliyotolewa ilikuwa nzima, mzee wangu."

Akaguna, akapiga simu Dar vali ije na basi la usiku.

Amri nayo ina faida yake. Pedi za nyuma za Passat na Tiguan zenye breki ya mkono ya umeme hazibadilishwi kwa kuibana pistoni na klampu. Ukilazimisha unavunja gia za mota, na kalipa hulipati Mtwara. Tableti inairudisha mota nyuma, unaweka pedi, unairejesha. BMW nazo, ukiweka betri mpya lazima uiandikishe kwenye gari, la sivyo gari linaendelea kuichaji kama ile nzee. Ukibadilisha ukubwa, tuseme kutoka Ah 80 kwenda 90, kuandikisha hakutoshi, inabidi uliambie gari na ukubwa wenyewe. Hapa mjini nimeona betri nyingi zikilaumiwa kwa kosa hilo.

Kuna jambo moja ambalo wa nchi za baridi hawalisumbukii kama sisi. Giaboksi za ZF za gia 6, zilizo kwenye BMW nyingi tunazoletewa kutoka Japani, oili yake inapimwa injini ikiwa inawaka na oili ikiwa kati ya nyuzi 30 na 50. Kijiti cha kupimia hakuna, joto unalisoma kwenye mashine. Kwa Mtwara ya Novemba, oili inaanza na nyuzi 30 gari halijawashwa hata. Nafasi yako ni fupi, kwa hiyo kazi hiyo naifanya asubuhi na mapema, tableti imewekwa kwenye kiti na dogo ananisomea namba kwa sauti nikiwa chini ya gari.

Nisichokipenda: kioo chake hakionekani juani, na baadhi ya amri zilizoorodheshwa ukizibonyeza unaambiwa gari hili halihusiki. Kisha kuna sasisho. Tableti za aina hii huja na muda wa kusasisha bila malipo, ukiisha unalipia kwa mwaka. Uliza kiasi hicho siku ya kununua na ukiandike kwenye hesabu zako pamoja na kodi ya pango.

Ikigoma kuunganika, usikimbilie kuirudisha dukani. Hewa yetu ya chumvi inaota kutu ya kijani kwenye pini. Pima kwanza pini ya 16 kama ina moto wa betri, na ya 4 na ya 5 kama zina ethi. Mara nyingi ni fyuzi, au mtu aliyefunga redio ameungia waya hapo hapo.

Kuandika upya programu ya kontroli boksi, yaani kompyuta za gari, sifanyi. Umeme ukiyumba katikati ya kazi, boksi linakufa, na programu za kiwanda, ISTA ya BMW au XENTRY ya Benzi, zinataka laptopu nzuri, chaja ya kushikilia volti na mtu anayezijua. Kazi hizo zikija naita fundi kutoka Dar, mteja anamlipa, mimi nachukua changu cha kufungua na kufunga. Wala sikulipia nyongeza ya DoIP, ile njia ya kuongea na magari mapya kwa mtandao, kwa sababu ninayoyapokea kutoka hapa hadi Masasi ni ya 2006 hadi 2014 hivi.

Kwa Volkswagen na Audi, tableti inanitosha kwa sehemu kubwa, ila VCDS, programu ya laptopu ya kampuni ya Ross-Tech, inaingia ndani zaidi, na ndiyo nitakayoongeza. Waya wake halali wa HEX-V2 unauzwa kwa idadi ya magari: 3, 10 au bila kikomo. Mwenye gereji achukue usio na kikomo, hizo nyingine ni za watu na magari yao nyumbani. Nakala za bei chee zipo tele mtandaoni na sizitaki. Nitauagiza waya huo minada ya korosho ikianza na wateja wakianza kulipa madeni, maana sasa hivi daftari limejaa ahadi.