Dulles mpaka Dar na Ethiopian, ekonomi: kilo 46 na tiketi moja

Wabongo tulioko huku Marekani kila ikikaribia Desemba swali ni lile lile, nipande nini kwenda home, na majibu mengi yanakuwa kuhusu muvi na chakula. Mimi naongelea Ethiopian, ekonomi, njia ya Washington Dulles, Addis, Dar, kwa sababu ndiyo ninayoipanda na ninaipenda, na sababu zangu wala sio muvi.

Kwanza mzigo. Tiketi ya kutoka Marekani unapata mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, kwa mizani ya huku ni paundi 50, halafu kibegi cha mkononi cha kilo 7. Mtu anayekwenda kutalii hawezi kuona ukubwa wa hilo jambo, sisi tunauona. Kuna mashine ya presha ya mama, kuna viatu vya shule vya watoto wa dada, laptop ya mdogo wako aliyeingia chuo, vitamini za shangazi, jezi, lotion, na mzigo wa rafiki ambaye hajaenda nyumbani muda mrefu kwa sababu ya makaratasi na anakuomba umpelekee mzazi wake kitu, huyo huwezi kumwambia hapana. Kwa hiyo ukikuta mtandaoni tiketi ya bei ya chini ya shirika lolote, kabla hujafurahi angalia imeandikwaje kwenye begi, maana tiketi nyingi za bei ya chini siku hizi zinakuja na begi moja au bila begi kabisa, ukija kulipia la pili unakuta ile nafuu imeshaisha. Ila powerbank usiweke kwenye begi kubwa, hiyo ni ya mkononi, ukiisahau humo begi linaweza kutolewa pembeni lifunguliwe.

Pili ni tiketi moja mpaka mwisho. Ethiopian wapo Star Alliance, ule muungano wa mashirika ya ndege, tangu Desemba 2011, na United nao wapo humo na Dulles ni moja ya vituo vyao vikubwa, so hata wewe wa Houston au Columbus au Minneapolis unaweza kukata tiketi moja tu, United inakuleta Dulles, Ethiopian inakuchukua, na begi unaliona tena Dar. Pale kaunta dada akishabandika karatasi kwenye begi mwambie akuonyeshe imeandikwa nini, lazima isomeke DAR, au JRO kama unashukia Kilimanjaro, au ZNZ kama wewe ni wa Unguja. Sio kumsumbua, ni haki yako, na kile kipande anachokupa kitunze kuliko boding pasi.

Nasisitiza hivi kwa sababu nilishawahi kurudi na shirika jingine, kubwa tu na linasifiwa sana, begi likabaki huko walikonibadilishia ndege, halafu pale Dar naambiwa niende tu nyumbani watanipigia. Ndani kulikuwa na dawa za mzee. Nilikataa kutoka mpaka wakanijazia fomu yenye namba, na ile namba ndiyo iliyolileta begi, simu yenyewe hawakupiga. Jamani msitoke airport bila ile fomu hata kama ndugu wamejaa nje wanawasubiri. Na mkataba wa Montreal wa 1999, ambao ndio unaosimamia mambo haya kwa safari za kimataifa, unakupa siku 7 kulalamika kwa maandishi kama begi limefika limevunjika, na siku 21 tangu ulipokabidhiwa kama lilichelewa. Watu wengi wanakaa wanalalamika kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka siku zinapita, halafu basi.

Tatu muda, na hapa ndipo nawapenda zaidi. Ndege inaondoka Dulles asubuhi, masaa kama 13 hewani bila kutua, unaingia Addis asubuhi ya kesho yake, unabadilisha ndege, na Dar unafika mchana. Mchana! Kuna ndege za kutoka Ulaya zinakushusha Dar usiku, mpaka upite uhamiaji uchukue mabegi ni usiku mkubwa, na waliokuja kukupokea wametoka Kibaha au Bagamoyo na gari la kukodi. Mama yangu ni mtu mzima sasa, kumuweka airport usiku sitaki, nalipa hata kama imezidi kidogo ili anipokee kukiwa na jua.

Ndege yenyewe, njia ile wanaweka Boeing 787 au Airbus A350, zote mbili ekonomi ni viti vitatu vitatu vitatu. Kiti cha ekonomi ni kiti cha ekonomi, magoti yatajua tu, chagua cha pembeni ya njia kama unapenda kusimama simama, na simama kweli maana masaa 13 miguu inavimba. Lakini ndege hizi mbili zina kitu ambacho wengi hawakijui, hewa ya ndani imewekwa kama uko kwenye kimo cha mita 1,800 hivi wakati ndege nyingi za zamani inafika kama mita 2,400, na unyevu nao ni mwingi kidogo, ndio maana unashuka kichwa hakigongi sana. Halafu Addis kwenyewe uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, kwa hiyo ukishuka ukapandisha ngazi na kibegi ukaona unahema usiogope, hujaugua, ni kimo tu.

Chakula kinakuja cha moto, kahawa ipo, inatosha. Ukitaka chakula cha Kiislamu au kisicho na nyama wala maziwa weka oda kabla, masaa 24 nyuma angalau, usisubiri kumuomba mhudumu huko juu. Mwenye mtoto mchanga aombe mapema kile kitanda kinachofungwa ukutani mbele, viti vyake ni vichache na vinawahiwa. Skrini ipo, USB ya kuchajia simu ipo, hayo tu.

Najua kuna wanaosita kwa sababu ya Machi 2019, ndege ya kwenda Nairobi iliyoanguka muda mfupi tu baada ya kuruka Addis, watu 157 wakafariki, Wakenya ndio walikuwa wengi kuliko wote. Mimi ile habari iliniuma na bado inaniuma. Ila nilisoma, ilikuwa 737 MAX, mfumo wa kompyuta wa Boeing ulikuwa unasukuma pua ya ndege chini, aina ile ile ilikuwa imeshaanguka Indonesia miezi mitano kabla, na ndege zote za aina hiyo zikazuiliwa dunia nzima mpaka ziliporekebishwa. Kuwabebesha marubani wa Kiafrika lawama, kama wengine walivyokimbilia kufanya, haikuwa haki. Hawa watu wanarusha ndege tangu 1946, wana chuo chao wenyewe cha marubani na mafundi hapo hapo Addis, na nikiwa nimekaa nikasikia rubani Mhabeshi anatukaribisha kwenye ndege kubwa inayovuka Atlantiki najisikia vizuri sana, sioni aibu kusema hivyo.

Bole sasa. Saa zao ni kama zetu, Addis na Dar hakuna tofauti, na Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi, saa moja yao ya asubuhi ndiyo saa moja yetu. Lakini boding pasi imeandikwa kizungu, 10:20 ni saa nne na dakika ishirini, angalia karatasi usimuulize mtu. Kama koneksheni yako imezidi masaa nane na hakuna ndege ya mapema wanakupa hoteli, ulizia tangu unakata tiketi. Ila ukikaa transiti masaa 12 au zaidi, Tanzania wanataka kadi ya homa ya manjano kwa sababu umetoka Ethiopia, kwa hiyo ile kadi ya njano weka pamoja na pasipoti. Na mifuko ya plastiki ya kubebea toa kwenye mizigo, Tanzania imepigwa marufuku tangu Juni 2019.

Kurudi Marekani ni kurefu zaidi, wanatua njiani kuweka mafuta, kwa sababu hewa ya Addis ni nyepesi na ndege haiwezi kuruka pale na watu wote na mafuta ya kufika Washington kwa mkupuo mmoja. Hamteremki, mnakaa ndani, jiandae tu kisaikolojia.

Wa Moshi na Arusha kateni moja kwa moja Kilimanjaro, msipite Dar. Wa Mwanza na Mbeya, mnatua Dar Terminal 3 lakini ndege za ndani zinatokea Terminal 2, mnatoka nje na mabegi yote mnachukua gari, na ile tiketi ya ndani mkiikata peke yake hakuna atakayewasubiri ndege ya Addis ikichelewa. Acheni masaa manne, au laleni Dar muondoke kesho yake asubuhi.