Manukato ya Maua kwa Asiyependa Maua

Mtu akiingia duka la manukato na kusema "nionyeshe chochote, ila siyo maua," muuzaji humpeleka moja kwa moja kwenye udi, vanila na ngozi. Huenda akatoka na chupa nzuri, lakini amefungiwa sehemu kubwa ya duka bila sababu ya kutosha. Waridi na asumini vimo hata ndani ya manukato mengi ya kiume ambayo wavaaji wake wangeapa hayana ua hata moja. Kinachomkera mtu huyo mara nyingi si ua lenyewe. Ni kimojawapo kati ya mambo manne: usabuni, upoda, sukari, au uzito wa maua meupe unaokaribia kuoza. Akijua lipi kati ya hayo linamkera, atapata ua la kuvaa.

Usabuni hutokana zaidi na aldehidi, viambato vya maabara vyenye harufu safi na kali, na harufu ya muge, lile ua jeupe la Ulaya lenye vikengele vidogo. Chanel No. 5, aliyoitunga Ernest Beaux mwaka 1921, ndiyo iliyofanya aldehidi zijulikane duniani pamoja na waridi, asumini na mlangilangi. Sabuni za kuogea zikaiga mtindo huo kwa miongo mingi, na ndiyo maana leo pua nyingi zikiinusa huisikia sabuni kwanza. Muge nalo halitoi mafuta yanayofaa kuuzwa. Harufu yake huundwa maabara, na harufu za namna hiyo zimejaa kwenye sabuni za unga na vilainisha nguo. Upoda huletwa na mzizi wa airisi, urujuani, heliotropi na baadhi ya miski. Sukari ni etili maltoli, kiambato cha maabara chenye harufu ya peremende, na vanila, vinavyotiwa kwa wingi kwenye manukato ya sasa. Yara ya Lattafa, inayopendwa sana, ni mfano mzuri wa ua lililozamishwa kwenye maziwa na sukari. La nne, uzito wa maua meupe, hutokana na indoli, kemikali iliyomo kiasili kwenye asumini, tuberozi (ua jeupe lenye harufu nzito) na maua ya mchungwa. Ikiwa kidogo hulipa ua uhai. Ikizidi hukumbusha naftalini ya kabatini au kitu kilichokaa sana joto.

Kipimo cha bure kipo nyumbani. Nusa kipande cha sabuni nyeupe ya kuogea, kopo la poda ya mtoto, peremende ya vanila, kisha asumini zilizolala usiku kucha kwenye sahani. Kitakachokufanya urudishe kichwa nyuma ndicho cha kukwepa. Fanya hivi kabla ya kwenda dukani, kwa sababu ukishafika huko pua huchoka haraka na kila kitu huanza kufanana.

Waridi, na majirani zake

Anza na waridi, maana hakuna ua linalobadilika zaidi kufuatana na kilichowekwa kando yake. Likiwekwa na miski nyeupe na matunda mepesi, huwa shampuu. Likiwekwa na pachuli (jani lenye harufu ya udongo), ubani na karafuu, huwa zito, kavu na lenye moshi, na watu wasiopenda maua hulikubali bila kujua wamekubali nini.

Portrait of a Lady ya Frédéric Malle, kazi ya Dominique Ropion iliyotoka 2010, ndiyo bora kuliko zote kwa kazi hii. Dakika kumi za mwanzo kuna tunda, hasa rasiberi, na anayechukia utamu anaweza kukata tamaa hapo; asubiri. Baada ya nusu saa waridi la Uturuki linasimama na karafuu na mdalasini, na chini yake pachuli na ubani ambavyo hubaki kwenye nguo hadi kesho yake. Mipulizo miwili inatosha. Minne ndani ya ofisi yenye kiyoyozi itawasumbua wenzako. Kasoro yake ya kweli ni pachuli: asiyependa harufu ya udongo mbichi na stoo ya zamani hatafurahi hapa hata waridi liwe zuri vipi. Bei nayo ni kubwa, ila kampuni hiyo huuza pia kichupa cha mililita 10, na kwa nguvu iliyonayo hicho kinakaa miezi.

Black Aoud ya Montale inafuata njia hiyohiyo ya waridi, pachuli na udi, lakini kwa ukali zaidi, na saa ya kwanza ina harufu ya plasta na dawa ya kidonda. Wengine hupenda ukali huo. Kwa asiye na fedha za hizo mbili kuna Shaghaf Oud ya Swiss Arabian: zafarani, waridi na udi vinaanza vizuri sana, kisha vanila inapanda na kukaa. Anayekerwa na poda au sabuni ataipenda. Anayekerwa na sukari aiache.

Hata hivyo, watu wa pwani hawahitaji chupa ya Paris kulijua waridi la namna hii. Udi na halwaridi vikifuatana kwa utaratibu hufanya kazi iliyo karibu sana. Acha mkaa uwake mpaka uvae majivu meupe, weka kipande kidogo cha udi kwenye chetezo, fukiza nguo kama dakika tano, kisha itundike ipoe. Tone moja la halwaridi linapakwa nyuma ya shingo, kwenye ngozi, baada ya nguo kufukizwa. Usipake mafuta kwenye nguo kwanza: yanaacha doa, na kitambaa chenye mafuta juu ya makaa ni hatari. Moshi ukitangulia, waridi linaingia tayari likiwa kavu, na ule utamu wake wa juu hausikiki sana.

Ubaya uko kwenye halwaridi yenyewe. Kilo moja ya mafuta halisi ya waridi huhitaji takriban tani 3 hadi 5 za petali, kwa hiyo kichupa cha bei ya soda kina mchanganyiko wa maabara. Si dhambi, ila mchanganyiko mbaya huacha ukali wa ndimu na sabuni, na huo ndio uliowafukuza wengi. Paka kwenye karatasi, rudi baada ya saa moja. Kikibaki kitu chembamba, kikali na cha sabuni, usinunue. Mafuta halisi yasiyochanganywa huganda kidogo na kutoa vijichembe yakiwekwa kwenye friji, na hurudi kuwa maji mkononi. Kipimo hicho hakitoshi peke yake, lakini kinasaidia. Kwa aliye Oman au mwenye ndugu huko, maji ya waridi ya Jebel Akhdar ni mlango mwingine mzuri: yale yanayokamuliwa kwa njia ya zamani, kwenye vyungu juu ya moto, huwa na moshi wazi ndani yake, na mawaridi hayo huvunwa zaidi mwezi wa Aprili. Hayana utamu wa waridi la keki.

Airisi: ua linalotoka ardhini

Airisi ya manukato haitoki kwenye ua. Hutoka kwenye mzizi, unaochimbwa na kuhifadhiwa miaka kadhaa, mara nyingi mitatu, kabla ya kukamuliwa. Harufu yake ni baridi, ya karoti mbichi, karatasi na poda kavu. Anayesema "maua yananichosha" mara nyingi hupumua vizuri hapa.

Chanel No. 19 iliyotungwa na Henri Robert mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndiyo ya kujaribiwa kwanza. Inafunguka kwa kelbena, utomvu wa kijani mchungu uliotajwa kwenye Kutoka 30:34, kisha airisi, kisha vetiva (mzizi wa nyasi wenye harufu kavu) na ngozi. Haibembelezi, na hiyo ndiyo sifa yake. Chukua Eau de Toilette, lile toleo jepesi, ikiwa unataka ukijani na uchungu. Eau de Parfum ni laini zaidi na waridi linasikika. Angalia neno "Poudré", yaani yenye poda, kwenye boksi: hiyo ni toleo la 2011, na kwa anayekwepa poda ni kosa la bei ghali.

Infusion d'Iris ya Prada (2007, Daniela Andrier) hupendekezwa kwa kila mtu, na hapo ndipo watu hukosea. Ni nyepesi, safi, nzuri kwa joto la mchana, lakini usafi wake uko karibu sana na sabuni. Kama sabuni ndiyo adui yako, usiiguse. Kwa wanaume, Dior Homme ya 2005 aliyoitunga Olivier Polge iliweka airisi na kakao pamoja kwa ustadi mkubwa, lakini chupa inayoitwa Dior Homme tangu 2020 ni ya mbao na airisi imetolewa. Anayeitafuta airisi hiyo aulize Dior Homme Intense, akijua kwamba ina harufu ya rangi ya mdomo ya zamani.

Maua meupe bila kuoza

Hapa ndipo penye ugumu. Tuberozi ina siagi, kafuri na indoli kwa pamoja, na Fracas ya Robert Piguet, iliyotungwa na Germaine Cellier mwaka 1948, inazionyesha zote kwa sauti ya juu. Ni kazi kubwa, lakini asiyependa maua meupe asianzie hapo.

Aanze na Carnal Flower ya Frédéric Malle (2005, Dominique Ropion tena). Ropion aliweka mkaratusi na majani mabichi mwanzoni, na nazi kidogo chini, kwa hiyo tuberozi inasikika kama mmea mzima wenye shina na maji, siyo kama petali zilizolala mezani. Ukijani unadumu saa mbili tatu, muda wa kutosha pua kuzoea. Tubéreuse Criminelle ya Serge Lutens (1999, Christopher Sheldrake) hupewa sifa kwa watu wa aina hii kwa sababu inafunguka na harufu ya dawa ya kuchua misuli, petroli na kafuri. Naona sifa hiyo inapotosha. Baada ya robo saa dawa inaondoka na kinachobaki ni tuberozi nene, tamu, bila kificho. Anayeinunua kwa kupenda mwanzo wake atajuta kabla chai haijapoa.

Asumini ina njia rahisi zaidi. Mwaka 1966 Edmond Roudnitska alitumia Hedione, kiambato chenye upande wa asumini ulio mwepesi na wenye hewa, bila indoli, ndani ya Eau Sauvage ya Dior: limau, mrehani, vetiva, na asumini ambayo wengi hawaitambui. Hiyo ndiyo Eau de Toilette. Eau Sauvage Parfum ni kitu kingine, kizito zaidi. Fahrenheit ya 1988, ya Dior pia, imejengwa juu ya jani la urujuani, petroli na ngozi, na ni ua kwa mtu ambaye hataki hata kusikia neno ua. En Passant ya Frédéric Malle (2000, Olivia Giacobetti) ina lailaki, tango na ngano mbichi, nzuri mno, lakini kwenye joto la Dar au Mombasa haimalizi mchana.

Kujaribu kwenye joto letu

Joto na unyevu hupandisha sukari na indoli juu na kuimaliza ndimu haraka. Manukato yaliyoonekana ya kiungwana ndani ya duka lenye kiyoyozi yanaweza kukunyanyasa kituoni. Kwa hiyo usihukumu dukani. Puliza mara moja kwenye kiwiko cha ndani, usisugue, toka nje, nusa baada ya dakika moja, nusu saa, na saa nne. Usijaribu zaidi ya matatu kwa siku: mawili mikononi na moja kwenye karatasi. Karatasi huonyesha mwanzo na mwisho vizuri, ila haina joto la ngozi, hivyo isitumike peke yake. Pua ikichoka, nusa nguo yako isiyopakwa kitu. Urujuani na airisi huonekana kupotea baada ya dakika chache kwa sababu pua huvizoea upesi. Usiongeze, wenzako bado wanavisikia.

Nunua sampuli kabla ya chupa. Mililita 1 hutoa mipulizo kumi hivi, yaani siku nne au tano za kuvaa kweli. Ukifika kwenye chupa, linganisha namba ya toleo iliyo chini ya boksi na iliyo chini ya chupa. Zisipolingana, iache, hata kama muuzaji ana maelezo mazuri.

Na usipulize kwenye kanzu nyeupe wala buibui la rangi nyepesi. Manukato yenye asumini nyingi, maua ya mchungwa au vanila hugeuka rangi ya chai yakikaa, kwenye chupa na kwenye kitambaa vilevile, na doa hilo halitoki kirahisi. Paka ngozini, subiri dakika mbili ikauke, ndipo uvae. Chupa ikae kabatini ndani ya boksi lake, mbali na dirisha na bafu.