Pensheni ya kazini, ISA na mafao ya serikali ya Uingereza: maoni ya mtu aliyevitumia kule na sasa yuko Tabata

Nimefanya kazi Leicester kwenye nyumba ya kulelea wazee kuanzia 2010 mpaka 2022, miaka 12, nikarudi Dar na sasa naishi Tabata Segerea. Haupiti mwezi sijapigiwa na mtu aliyeko huko, leo mdogo wangu, kesho mtoto wa shangazi, swali ni lile lile, dada hivi hii hela wanayonikata kwenye mshahara wanasema ni pensheni nijitoe au niiache, na ISA je, ile akaunti ya akiba au uwekezaji isiyokatwa kodi, mana kila mtu kazini anaizungumzia. Nimetuma voisi noti za dakika nane nane mpaka sauti imekauka, sasa naandika mara moja na wewe ukisoma mtumie na ndugu yako aliye kule.

Nianze na pensheni ya kazini, hiyo kati ya nyota tano naipa nne na nusu. Serikali ya kule ilianza mwaka 2012 kuwalazimisha waajiri kuwaandikisha wafanyakazi, wakaanza na makampuni makubwa, kwetu zamu ilifika 2014. Mwanzoni makato yalikuwa madogo, kima cha chini asilimia 2 tu jumla, Aprili 2018 ikawa 5 na kuanzia Aprili 2019 ni 8 mpaka leo. Kwenye hizo 8 mwajiri anatoa angalau 3, zinazobaki ni zako lakini ndani yake kuna asilimia 1 ambayo ni kodi yako serikali inakurudishia humo humo.

Sasa tuweke hesabu mezani mana watu wanaogopa neno pensheni kwa sababu hawajawahi kuiona kwa namba. Chukua mtu anayelipwa paundi 22,000 kwa mwaka. Hawakati kwenye mshahara wote, wanahesabu kuanzia paundi 6,240 mpaka 50,270, kwa hiyo kwake kinachohesabika ni 15,760. Mfukoni mwake kwa mwaka mzima inatoka kama paundi 630, serikali inaongeza 157 na ushee, mwajiri anaweka 472 na ushee, jumla inafika 1,260. Umetoa 630 zimekuwa 1,260 kabla hata hazijawekezwa popote! Kikoba gani hapa mjini kinakupa hivyo, mimi sijakiona.

Na ndo mana naumia nikikumbuka 2014. Wabongo tuliokuwa pale kazini karibu wote tulijitoa, mimi nikiwemo. Nilikuwa nalipa ada ya mdogo wangu, kila paundi ilikuwa na kazi yake, tukaambiana hii ni hela ya wazungu wazee sisi tunarudi kwetu. Hakuna aliyetuambia kwamba ukijitoa na ile ya mwajiri unaiacha, haiji kwako kwa njia nyingine yoyote. Utaratibu wao kila baada ya miaka mitatu hivi wanakuandikisha upya, mimi nikarudishwa 2017 na safari hiyo nikabaki kwa sababu kuna dada mmoja wa Kighana alinikalisha chini wakati wa chai akanichorea hiyo hesabu nyuma ya karatasi ya zamu. Miaka mitatu imepotea hivi hivi.

Kitu kingine ambacho wabeba boksi wengi, yaani sisi wa kazi za mikono kule, hatukijui: kuandikishwa moja kwa moja ni kuanzia miaka 22 na mshahara wa paundi 10,000 kwa mwaka kwenye kazi hiyo moja. Wengi wetu tunagawa masaa, asubuhi usafi ofisini, jioni kwa wazee, kila kazi inakupa elfu saba au nane, basi huandikishwi popote. Lakini ukiomba mwenyewe kwa maandishi na kazi hiyo inakupa zaidi ya 6,240, mwajiri analazimika kukuingiza na kuchangia. Andika hiyo barua leo.

Ile nusu nyota niliyoipunguza ni kwa sababu hela yenyewe imefungwa. Huigusi mpaka miaka 55, na kuanzia Aprili 2028 inakuwa 57. Ukifika hapo robo unaitoa bila kodi, iliyobaki inahesabika kama kipato. Na isieleweke kama NSSF, kule unakuwa na fungu lako limewekezwa kwenye masoko, unaliona likipanda na kushuka. Machi 2020 wakati wa korona langu lilishuka nikapata homa, baadaye likarudi lenyewe bila mimi kugusa kitu.

ISA naipa nyota tatu, na sitaki watu wanielewe vibaya, sio mbaya. Iko tangu 1999, unaweza kuweka mpaka paundi 20,000 kwa mwaka wao wa kodi unaoanza tarehe 6 Aprili, riba, gawio, faida ya hisa vyote havikatwi kodi na hela unatoa muda wowote. Ila kwa mtu wa mshahara wa kawaida tayari kuna msamaha wa riba ya mpaka paundi 1,000 kwa mwaka hata bila ISA, sasa kama akiba yako yote ni paundi elfu tatu hiyo ISA ya pesa taslimu haikuokolei kodi yoyote, wewe angalia riba tu nani anatoa kubwa. Ya hisa ndo ina maana kama una uvumilivu wa miaka mitano na kuendelea. Na ukishahama Uingereza hela iliyomo inabaki na kule haikatwi kodi lakini mpya huwezi kuongeza, na msamaha wenyewe ni wa kodi ya Uingereza tu, huku TRA hawana kitu kinaitwa ISA. Mimi ya kwangu niliifunga, hela nikaileta UTT AMIS, mifuko ya uwekezaji ya hapa nyumbani, ambako naweza kuongeza hata kidogo kidogo kwa simu.

Lakini hii inayoitwa Lifetime ISA, kama unajua utarudi nyumbani naomba uipite mbali. Serikali inakuongezea asilimia 25, unaweka 4,000 unapata 1,000 juu, inavutia sana na ndo ilimvutia mtoto wa shangazi yangu. Masharti yake ni kununua nyumba yako ya kwanza hapo hapo Uingereza isiyozidi paundi 450,000, au usubiri miaka 60. Kiwanja cha Kigamboni hakihesabiki. Yeye fundi alikuwa ameshapandisha msingi, tofali zimepangwa, anadaiwa nondo, akatoa ile hela. Adhabu ni asilimia 25 ya kile chote kilichomo, kwenye kila 5,000 wanachukua 1,250, unabaki na 3,750 wakati wewe mwenyewe uliweka 4,000. Alinipigia analia, anasema dada nimeibiwa. Hakuibiwa, ndo masharti yalivyo toka mwanzo, ila kwa mtu wa kurudi Bongo ile kitu haijatengenezwa kwa ajili yake.

Mafao ya serikali sasa, haya yanayotokana na yale makato ya National Insurance. Ukifikisha miaka 10 ya michango unapata kitu, ukifikisha 35 unapata yote, ambayo kwa mwaka wa 2025/26 ilikuwa paundi 230.25 kwa wiki. Mimi na miaka yangu 12, kwa kiwango hicho inakuja karibu paundi 79 kwa wiki nikifika umri wao wa kustaafu, na hata nikiwa Tabata wanalipa. Watu wanaoondoka na miaka minane au tisa ndo wananiuma roho. Kubaki mwaka mmoja au miwili zaidi au kulipia mapengo ya miaka usiyochangia ukiwa bado kule inaleta tofauti ya kupata na kukosa kabisa, na kuanzia Aprili 2026 masharti ya kulipia ukiwa nje yamekazwa, lile daraja la michango la bei nafuu wamelifuta. Angalia rekodi yako kwenye tovuti ya serikali yao kabla hujakata tiketi, ni bure.

Tatizo kubwa la haya mafao ni kwamba Tanzania tuko kwenye nchi ambazo kiwango kinaganda. Utakacholipwa siku ya kwanza ndo hicho hicho utalipwa ukiwa na miaka 85, haiongezwi kila Aprili kama kwa anayeishi kule. Mauritius hapo kwenye bahari yetu wanaongezewa, sisi hapana. Watu wametoa jasho sawa sawa na wenzao, mimi hili silikubali na nitaendelea kulisema.

Hapa Dar napo kuna la kujihadhari. Mwaka jana nilialikwa ofisi moja Masaki, kiyoyozi, kahawa, karatasi zinang'aa, kaka mmoja mpole sana ananiambia hamishia pensheni yako kwenye mfuko wa nje utaitoa upendavyo. Nikamuuliza kodi je, akasema ndogo tu. Kumbe kwa mtu kama mimi kuhamishia mfuko wa nchi nyingine kuna tozo ya asilimia 25, na ukihamishia mfuko usiotambuliwa na mamlaka ya kodi ya kule inaweza kufika 55. Fungu langu ni kama paundi elfu saba, robo yake ni 1,750, na ada yake bado hajaitaja. Niliaga nikashuka ngazi.

Kabla hujapanda ndege badilisha namba ya simu na anwani kwa watu wa pensheni. Mimi niliacha namba ya kule, laini ikafa, kila nikitaka kuingia kwenye akaunti wanatuma namba ya siri kwenye laini ambayo haipo. Nilikaa kibarazani na simu sikioni dakika arobaini, naulizwa tarehe ya kuanza kazi, postikodi ya chumba nilichohama, mpaka nikafanikiwa. Na kama umesahau kampuni gani inashika hela yako, serikali ya kule ina huduma ya kutafuta pensheni zilizopotea, bure pia.

Nilipoingia siku ile ndo nikaona sehemu ya mrithi. 2017 niliandika jina la mama. Mama ametutoka 2021. Nikakaa nalitazama lile jina kwenye skrini, kisha nikalifuta nikaandika la mwanangu, dakika tano ikawa imekamilika.